Stesheni Tuliyoikosa

Dada yangu alikuwa kiwete. Alipokuwa mtoto alipanda juu ya paa la tembe letu kuanua mtama uliokuwa umeanikwa, akakanyaga mahali ambapo udongo ulikuwa umelainika kwa mvua, akaanguka mpaka chini na kuvunjika nyonga. Mganga aliufunga mguu kwa vijiti na kamba za ngozi. Mguu ulipona, lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea. Kwenda kuteka maji na kurudi, kazi ambayo wanawake wengine waliimaliza asubuhi na bado wakapata muda wa kusaga uwele, yeye ilimchukua mpaka jua likafika utosini. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Alikuwa na mdomo mwepesi wa kucheka watu, na aliyependa zaidi kumcheka nilikuwa mimi, mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa.

Maji tuliyochota yalikuwa kwenye korongo, nyuma ya vichaka vya miiba, mahali panapopinda. Wakati wa kiangazi korongo lile lilikuwa mchanga mtupu, mweupe na mkavu kama majivu, na mgeni angeapa kwamba hapana hata tone. Lakini ukichimba kiasi cha mkono mpaka kwapani, maji yalianza kukusanyika polepole, baridi na matamu. Hayajapata kukauka tangu nilipoanza kuwa na akili, hata ile miaka ambayo ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Wanawake walilifunika shimo lile kwa matawi ya miiba kila walipomaliza kuteka.

Baba yangu aliyaogopa maji yale. Ujana wake ulikuwa wakati wa misafara mikubwa ya kutoka pwani, watu mia kwa mia wenye kiu, nao wazee wetu waliwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kunywa. Wadachi walipoingia, siku moja palitokea ugomvi kisimani kati ya vijana wetu na watu wa msafara. Baada ya siku chache wakaja askari. Walichoma matembe, wakaswaga ng'ombe wote, na kaka yake baba akapigwa risasi mlangoni kwake. Kuanzia hapo baba alikuwa akituambia, "Ukiwa na maji, usimwonyeshe mtu mwenye bunduki."

Mimi nilikwenda pwani mara mbili nikiwa mpagazi, na nilichorudi nacho cha maana kilikuwa Kiswahili. Kijijini kwetu hakuna aliyekijua ila maneno mawili matatu ya kusalimia. Kwa hiyo alipokuja mzungu wa kupima njia ya reli, jumbe alinituma niwe mkalimani wake. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, na nilijiona mtu mkubwa.

Mzungu yule alikuwa mrefu, shingo imeungua jua, naye alizungumza Kiswahili cha amri lakini kinachoeleweka. Watu wake walivuta mnyororo wa kupimia juu ya mashamba yetu na kupigilia vigingi. Asubuhi ya siku ya tatu aliketi juu ya sanduku mbele ya nyumba yetu, akafungua daftari lake, akaita watu. Baba alikuja, wakaja wazee wengine wawili, na dada yangu akaja akiwa amembeba binti yake mgongoni. Mumewe hakuwapo. Alikuwa huko chini upande wa Gulwe, akivunja kokoto za reli hiyo hiyo, na ilikuwa mwezi wa tano hajarudi nyumbani.

"Waambie," mzungu akaniambia, "gari la moshi linakunywa maji kama ng'ombe. Penye maji ya mwaka mzima ndipo litakaposimama, na hapo tutajenga stesheni. Waulize, hapa pana maji wakati wa kiangazi?"

Nikawaeleza kwa Kigogo. Wazee wakatazamana. Baba hakuinua macho. Akasema, "Mwambie yanakauka kabla ya mtama kupurwa. Mwambie sisi wenyewe tunakwenda mbali kutafuta."

Kabla sijafungua kinywa dada yangu akasogea mbele. "Baba, si kweli. Mdogo wangu, mwambie kweli. Mwambie pale kwenye kona ya korongo maji hayakauki. Nitampeleka mwenyewe, achimbe aone. Gari likisimama hapa mume wangu atakuwa akilala kwake. Nitauza maziwa, nitauza ugali kwa wasafiri. Ninyi mna miguu miwili, kwenu stesheni iwe popote. Mimi nina mmoja na nusu."

Mzungu aliinua kichwa. "Huyu mwanamke anasema nini?"

Nilimtazama baba. Alikuwa bado ametazama chini, na mikono yake, ambayo niliiogopa utoto wangu wote, ilikuwa imefumbatana kama ya mtoto anayengoja kuchapwa.

"Anaomba chumvi, bwana," nikasema.

Mzungu akacheka kidogo, akamwamuru mpishi wake. Mpishi akaja na chumvi, akaimimina kwenye viganja vya dada yangu. Alisimama nayo hapo, akaitazama chumvi, kisha akanitazama mimi. Hakujua Kiswahili, lakini alijua kwamba mtu hapewi chumvi kwa sababu ya kutaja maji. Mimi nikaendelea kutafsiri. Nilisema maji yetu yanakauka kabla ya mavuno, na sisi wenyewe tunakwenda mbali kutafuta. Mzungu aliandika, akapiga mstari chini ya maandishi yake, akafunga daftari.

Usiku huo baba alinipa sehemu ya mnofu ambayo kwa kawaida aliila mwenyewe.

Reli ilikuja. Tuta lilipita mbele ya mlango wetu, karibu kiasi kwamba mtu akiita kutoka kule unamsikia. Stesheni ilijengwa kwa jirani zetu wa mashariki, ambao maji yao yalikuwa ya chumvichumvi lakini waliyataja. Kwa mtu mwenye miguu mizima ulikuwa mwendo wa kutoka alfajiri hadi alasiri. Kwa dada yangu ulikuwa mwendo wa siku mbili.

Mwanzo baba alifurahi. Kila gari lilipopita bila kupunguza mwendo alisema, "Nendeni salama," kwa sauti ya dhihaka. Lakini miaka haikupita mingi tukaanza kuona tofauti. Wenzetu wa penye stesheni waliuza samli, ngozi na kuku. Vijana wao walipanda gari wakaenda Dodoma kufanya kazi ya kupakia mizigo, wakawa wanarudi kwao kila walipopata ruhusa. Wa kwetu waliokwenda Dodoma walipewa siku moja ya kupumzika kwa juma, na siku moja haikutosha kuja nyumbani, sembuse kurudi. Kwa hiyo hawakuja. Wengine walijenga vibanda huko na kuoa huko.

Mume wa dada yangu alikuwa mmoja wao. Reli ilipofika Dodoma alipewa kazi ya karakana. Mimi nami nilikuwa huko, maana kwa sababu ya Kiswahili changu walinifanya mnyapara wa kundi la kutengeneza njia, tukapewa mahali pa kujenga karibu na Kikuyu, pembeni mwa mji, na mke wangu akanifuata. Shemeji alikuwa akilala kwenye kambi ya wanaume, watu kumi na wawili chumba kimoja. Mwaka wa kwanza alikwenda nyumbani mara tatu. Mwaka wa pili mara moja. Siku moja nilimkuta ameketi mbele ya kibanda cha mwanamke mmoja muuza pombe, amevua viatu kama mtu aliye kwake. Aliona aibu, akasimama.

"Shemeji," akaniambia, "mimi simchukii dada yako. Lakini nikitoka kule narudi nimechelewa kazini, nakatwa, nachapwa. Gari linapita mlangoni kwangu, namwona mke wangu dirishani kama picha, halafu limekwisha kupita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikamuaga, nikaenda zangu.

Dada alikuwa na desturi ya kusimama kando ya tuta siku za gari la abiria. Wafanyakazi wa gari walimjua. Walimwita Mama wa Mkono kwa sababu alipunga mkono kila mara, yeye na mtoto wake. Alikuwa hajui mumewe yumo ndani au hayumo. Alipunga tu.

Nilikwenda kwa mzungu mkubwa wa reli pale Dodoma kuomba kituo kidogo kijijini kwetu. Sikuomba stesheni, niliomba mahali tu pa gari kusimama watu wapande na kushuka. Hakuwa mtu mbaya. Alitoa madaftari ya upimaji kabatini, akatafuta kwa kidole, akasoma.

"Hapo hakuna maji," akasema. "Imeandikwa. Wenyeji wenyewe wamesema. Gari haliwezi kusimama mahali pasipo kitu."

Nilisimama mbele ya meza yake nikiyatazama maneno yangu mwenyewe yakiwa yameandikwa kwa wino wa mzungu. Ningeweza kusema pale pale. Nilisema, "Ndiyo, bwana," nikatoka.

Kisha mvua zikakata. Mwaka wa kwanza uwele ulifika magotini ukanyauka. Mwaka wa pili hawakupanda, kwa sababu mbegu ilikwisha kuliwa. Kwenye stesheni za reli chakula kilikuwa kikija kutoka kwingine, ghali lakini kipo. Kwetu hakikufika. Waliokuwa na nguvu walitembea kwenda kukitafuta, na waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa na watoto, pamoja na dada yangu. Walikula mbegu za mibuyu na mizizi. Maji walikuwa nayo, hayo yalikuwapo siku zote.

Nilikuwa na rafiki yangu aliyefanya kazi ya kuchochea moto kwenye gari. Nilimpa mfuko wa unga, nikamwomba autupe penye tuta mbele ya nyumba yetu. Alifanya hivyo. Gari lilikuwa na mwendo mkali, mfuko ukapiga kokoto ukapasuka. Aliniambia baadaye kwamba alipogeuka kutazama aliona dada yangu na watu wengine wakiwa wamepiga magoti kwenye njia, wakikusanya unga kwa viganja, unga na mchanga pamoja. Mara ya pili nilifunga mfuko ndani ya ngozi, ukafika salama. Mara ya tatu dereva mzungu alimwona, akampiga, akamwambia akirudia atafukuzwa.

Ndipo nikamtumia dada ujumbe kwa mtu aliyekuwa akienda huko kwa miguu. Nilimwambia aje stesheni ya mashariki apande gari la siku fulani. Nauli nilikuwa nimekwisha kuzungumza na karani wa pale. Akifika Dodoma atanikuta nikimsubiri. Baba alikataa kuja. Alisema hawezi kuacha makaburi.

Siku hiyo nilivaa kanzu yangu safi, nikaenda stesheni mapema. Gari lilifika alasiri. Walishuka wafanyabiashara wa Kondoa na mizigo yao, wakashuka askari, wakashuka wanawake wawili wazee niliowakimbilia nikadhani mmoja ni yeye. Mabehewa yakawa matupu. Rafiki yangu wa moto alishuka amejaa masizi, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Nimemwona," akasema. "Hakuwa stesheni. Alikuwa njiani kando ya reli, yeye na mtoto, hata nusu ya njia hawajafika. Walikuwa wakipunga mkono. Mtoto alikuwa anakimbia pembeni mwa gari."

"Hamkusimama?"

"Nilimwambia dereva. Akasema, yule ni Mama wa Mkono, hupunga kila siku."

Asubuhi kulipopambazuka nilichukua kiberenge chetu, kile cha kusukuma kwa mikono, na watu wangu wanne. Sikuomba ruhusa ya mtu. Tulikwenda siku nzima, tukapita kijijini kwetu bila kusimama, na jua lilipokuwa limeinama tuliwaona. Dada alikuwa ameketi na kuegemea tuta, amenyoosha ule mguu mbovu ambao nyonga yake ilikuwa imevimba kama kibuyu. Mtoto alikuwa amemshikia kipande cha ngozi kichwani kumkinga jua. Dada alikuwa ameacha kutembea tangu jana, gari lilipompita.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa. Tukampandisha kwenye kiberenge juu ya nguo zetu, na mtoto akamshika miguu asianguke.

Tulisukuma usiku kucha. Asubuhi tulipokaribia Dodoma, yalipoanza kuonekana mapaa ya mabati, alifumbua macho akasema, "Kumbe ndivyo upepo wa kwenye gari ulivyo." Baada ya hapo akalala.

Aliishi nyumbani kwangu siku nne. Mke wangu alimpa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, lakini tumbo lilikuwa limesahau kupokea chakula. Mumewe alikuja, akaketi mlangoni, akamshika mkono. Hawakugombana. Dada alimwuliza kama kazi ya karakana ni ngumu, naye akasema ni ngumu.

Siku ya tatu mchana tulikuwa sisi wawili tu. Akaniuliza, "Siku ile ulimwambia yule bwana nini?"

Nilijua ni siku ipi. Nilimweleza yote, neno kwa neno, pamoja na lile la chumvi.

Alivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Kuhusu chumvi nilikisia. Nilikuwa nangoja uje uniambie mwenyewe. Nimengoja sana." Akageuza uso ukutani. "Baba alikuwa na hofu, hilo naelewa. Wewe ulikuwa na nini?"

Nilimwambia sijui. Mpaka leo nikijiuliza jibu ni hilo. Labda nilitaka baba anipende. Labda nilipenda tu kuwa mtu ambaye maneno ya kila mmoja hayapiti ila kwake.

Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Tulimzika Kikuyu, kwa sababu hapakuwa na namna ya kumrudisha nyumbani.

Nilikwenda kwa miguu kumpa baba habari. Nilimkuta kwenye korongo, amekonda, anachimba mchanga kwa ganda la kibuyu. Nilipomaliza kusema aliendelea kuchimba kitambo, kisha akaketi juu ya mchanga ule na kulia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, hata kaka yake alipouawa. "Uongo ulikuwa wangu," alisema. "Wewe nilikutwika tu." Nikamwambia hapana, mzigo mtu hutwikwa akiwa amekubali kuinama. Tulikaa pale mpaka jioni. Hakuishi mwaka baada ya hapo.

Niliporudi Dodoma nilikwenda tena kwa mzungu mkubwa wa reli. Nilimwambia kwamba maji yapo, na kwamba mkalimani aliyesema hayapo nilikuwa mimi. Aliweka kalamu yake mezani.

"Kwa nini ulisema uongo?"

"Niliogopa, bwana."

"Uliniogopa mimi?"

"Ninyi nyote."

Nilidhani atanichapa viboko. Badala yake juma lililofuata alipanda kiberenge pamoja nami, tukaenda. Nilimpeleka kwenye kona ya korongo, nikaondoa miiba, nikachimba. Alipiga goti, akachota kwa kiganja, akanywa. Akachota tena. Kisha alipima kwa hatua kutoka korongoni hadi relini, akaandika, na mbele yangu akasema ataomba tangi na kituo hapo, na gari litasimama.

Barua aliiandika, niliiona. Lakini kabla majibu hayajarudi vita vilianza. Magari yakawa ya kubeba askari na risasi, hakuna aliyezungumza habari za vituo tena. Wapagazi walikamatwa vijijini, ng'ombe waliobaki wakachukuliwa, na mwishowe Wadachi wakaondoka Dodoma wakielekea magharibi na kusini. Yule bwana aliondoka nao. Aliyekuja baada yake alizungumza lugha nyingine, na madaftari yale sijui yalikwenda wapi. Kijiji chetu kilihama kidogo kidogo mpaka pakabaki kuta za matembe zilizoanguka. Gari linapita hapo hadi sasa.

Mtoto wa dada nilimlea na wangu. Katika mwaka wa kwanza, kila gari lilipopiga filimbi aliacha kusema katikati ya neno, akanyamaza mpaka mlio upotee kabisa. Mke wangu alizoea kumngoja. Alipokuwa mkubwa, ameolewa na ana watoto, nilikwenda kwake nikamweleza habari yote ya stesheni na jinsi mama yake alivyoikosa, kwa sababu sikutaka naye angoje. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akaenda jikoni kutazama chungu cha mlenda, na aliporudi alinikaribisha chakula. Kuhusu yale niliyomwambia hajanijibu, nami sijamwuliza.